Tijara ya Nuru Isiyoonekana

Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, mzaliwa wa Hanover aliyefanya makao yake Uingereza, aliipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo, na alipokiweka kipimajoto ng'ambo ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu, alikuta joto limezidi kuliko ndani ya rangi zenyewe. Eneo hilo, liitwalo leo infraredi ya karibu, huanzia takriban nanomita 750, unapokoma uwezo wa macho yetu, hata 2,500 hivi. Mbele yake zipo infraredi za mbali, kisha mawimbi ya redio.

Kilichoifanya nuru hii kuwa mali ni tabia ya kioo. Nuru tuionayo hutawanyika upesi ndani yake, na ile ya mawimbi marefu mno kioo huinywa. Lakini penye nanomita 1,310, na hasa 1,550, hupita kilomita nzima ikipungua kwa chini ya asilimia kumi. Mhandisi Charles Kao, alipotoa hoja mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa kitafaa kwa simu, angeridhika hata kama asilimia moja tu ingesalia baada ya kilomita. Kampuni ya Corning ya Marekani ilikipita kiwango hicho mwaka 1970.

Pwani yetu, iliyofikiwa na waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879, ilingoja miaka 130 ndipo mikongo ya nyuzi za kioo ya SEACOM na TEAMS, huu wa pili ukitokea Fujairah hadi Mombasa, ilipotia nanga, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Hapo kabla maneno yetu yalipandishwa hadi setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu, kwa bei iliyowafaa mabenki na mabalozi. Uganda, Rwanda na Burundi, zisizo na bahari, nazo huipata nuru hiyo kwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam, kama zipatavyo mafuta.

Unyuzi wenyewe si ghali, maana asili yake ni mchanga. Ghali ni meli, mitaro na vibali, na zaidi ya vyote hitilafu. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na Mombasa, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Tanzania nzima ilionja uchungu wake. Mwenye kununua mkongo mmoja, kwa maoni yangu, amenunua nusu ya bidhaa.

Nilimtazama fundi mmoja akiunga faiba: aliuvua unyuzi ganda lake, akaufuta kwa spiriti, akaukata sawasawa, kisha mashine ikaziyeyusha ncha mbili zikawa moja. Nilipotaka kuchungulia ndani alinishika bega, “Usitie jicho, mzee wangu!” Akaielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu yake, nayo ikaonyesha nukta ya zambarau; lakini alipoielekeza kamera kwenye ncha ya faiba, haikuona chochote, ilhali mita yake ilikuwa ikisoma nuru imejaa tele.