Picha nzuri haionyeshi sumu iliyo katika mahindi

Huenda wewe, msomaji, ni miongoni mwa wale wanaofanya kazi Nairobi siku tano za juma, kisha Ijumaa jioni wakapanda gari kuelekea nyumbani Mwingi, Kitui, Wote au Kibwezi. Una ekari mbili au tatu, mbuzi kadhaa, kuku, na mahindi yaliyopandwa pamoja na kunde. Na kama wengi siku hizi, huendi mikono mitupu. Unabeba kamera, au simu inayopiga picha safi. Unapiga picha ya muthokoi ukitokota chunguni, ya isyo na ya ngima kwa mboga za kunde, kisha unaandika jinsi vyakula hivyo vinavyopikwa ili watu wa mjini nao wajifunze.

Mimi daktari naipenda kazi hiyo. Mlo wa muthokoi na maharagwe una manufaa mengi mwilini kuliko chipsi za kila siku. Lakini nina wasiwasi kuhusu jinsi unavyogawanya saa zako. Jumamosi unavuna na kupiga picha, Jumapili unapukuchua upesi, unajaza magunia, unayarundika chumbani ili yasiibwe, na kufikia saa kumi jioni uko barabarani. Je, mahindi yalikauka saa ngapi?

Swali hili si dogo kwa watu wa Kitui na Makueni. Mwaka 2004, kuanzia mwezi wa Aprili, wagonjwa walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano, wakitapika, na matumbo yamewauma au kufura. Kufikia Julai 20 mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Mahindi yao yalivunwa karibu na Februari, mvua ikinyesha wakati usio wake, yakahifadhiwa kabla ya kukauka. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na zile ambazo hazikupata, waliona kwamba kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, badala ya ghalani, kulizidisha hatari.

Sumu yenyewe ni aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Hutengenezwa na ukungu uitwao Aspergillus flavus, unaoishi udongoni na kuupenda ukame shambani kisha joto na unyevu ghalani. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa sehemu 20 kwa kila bilioni. Baadhi ya chakula kilichopimwa mwaka huo kilikuwa na 4,400. Hata sokoni, zaidi ya nusu ya mahindi yaliyopimwa yalizidi kiwango hicho, kwa hiyo aliyenunua hakuwa salama kuliko aliyelima. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Mwaka 2005 ikarudi tena Ukambani.

Hapa ndipo kamera inapodanganya. Ukungu wenyewe mara nyingine huonekana, wa kijani au wa manjano, lakini sumu haina rangi wala harufu. Punje iliyopendeza pichani yaweza kuwa nayo. Moto wa jikoni hauimalizi. Chemsha kutwa nzima ukitaka. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi husaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, lakini kupunguza si kuondoa. Na zile punje mbovu ulizochagua usimpe ng'ombe. Sumu hupitia kwake ikaingia katika maziwa ya mtoto.

Ufanye nini basi? Kama huwezi kukaa nyumbani katikati ya juma, mpate mtu anayeweza, umlipe, au usivune kabla ya kupata likizo. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na mvua ikitishia Jumatano awepo wa kuyafunika. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi hadi yafike kiasi cha theluthi moja, funga, tikisa dakika moja kisha uache yatulie. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani. Hifadhi yakiwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Yale magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri, lakini ukiyajaza mahindi mabichi umefungia taabu ndani.

Najua wapiga picha hunyunyiza maji ili punje zing'are. Mahindi hayo yapikwe siku iyo hiyo, yasirudi guniani hata kidogo. Na unapoandika mapishi, anzia kwenye kuanika. Msomaji wako wa Umoja au Buruburu hununua muthokoi sokoni bila kujua ulitoka wapi.

Tukio kama la 2004 ndilo huingia magazetini, lakini sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Watoto wachanga wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi hivyo nchini tangu 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, muulize daktari wako kuhusu kupimwa na kuchanjwa.

Sumukuvu haina dawa ya kuiondoa mwilini; hospitali hukusaidia tu huku ini likipambana. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akianza kutapika, tumbo kumuuma na macho kugeuka manjano, na hasa wakiugua wawili waliokula chungu kimoja, wote waache mahindi hayo mara moja. Wapelekeni hospitalini siku hiyo, na mchukue konzi chache za mahindi yenyewe kwenye mfuko wa karatasi ili yapimwe.