Rufaa Hupanda, Mbona Haishuki?

Jumatatu asubuhi, mabenchi ya kliniki ya presha na kisukari katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa hujaa kabla ya saa mbili. Waliokaa pale wengi si wagonjwa wapya. Wamekuja kupimwa presha, kuandikiwa dawa zilezile za mwezi uliopita na kurudi makwao. Baadhi walisafiri jana na kulala kwa ndugu mjini. Kipimo cha presha kipo kwenye zahanati ya kijiji chao, na nesi wa kukitumia yupo. Ila mwezi uliopita waliambiwa, "Rudi baada ya siku thelathini," nao wakaelewa kuwa wanarudi palepale.

Tumchukue mkulima wa milima ya Lushoto aliyepata kiharusi. Safari yake ya kwenda ina utaratibu. Zahanati humwandikia barua ya rufaa, hospitali ya wilaya humpokea, gari la wagonjwa humteremsha hadi Tanga mjini. Kila ngazi inajua wajibu wake. Siku ya kuruhusiwa, utaratibu huo hukatika. Anakabidhiwa karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya kurudi. Mganga mfawidhi wa zahanati iliyomtuma hapati taarifa yoyote. Mhudumu wa afya wa kitongoji chake anasikia habari kama majirani wengine wanavyosikia. Dawa zikiisha kabla nauli haijapatikana, mgonjwa huacha kuzimeza, na kiharusi cha pili hakihitaji mwaliko.

Hapo ndipo mjadala wa huduma jumuishi, yaani huduma zinazounganisha ngazi zote, unapopaswa kuanzia. Tumezoea kuujadili kwa majengo, mashine na idadi ya mabingwa. Swali lenyewe ni fupi: mgonjwa akitoka hospitali ya mkoa, nani anampokea?

Ngazi zilizojengwa

Tanzania haikukosa ramani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, nchi iliamua kuelekeza nguvu vijijini, hata kabla ya mataifa kukutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza huduma za afya ya msingi kuwa msingi wa afya kwa wote. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo halikufikiwa lote, lakini ngazi zinajulikana kwa kila mtu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda kama Bugando na KCMC, kisha hospitali za taifa zikiongozwa na Muhimbili.

Ramani hiyo ilichorwa wakati adui mkubwa alikuwa malaria, kuhara, surua na uzazi wenye matatizo. Maradhi hayo huja kwa kishindo, hutibiwa, na mgonjwa hupona au hufa. Kwa maradhi ya namna hiyo, mfumo unaopandisha wagonjwa juu ulitosha.

Leo hali ni nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takriban tisa kati ya kila mia wana kisukari. Wagonjwa hawa hawaponi wakamaliza. Wanaishi na ugonjwa miaka ishirini au thelathini, na karibu muda wote huo wako nyumbani, si wodini. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya tukio moja unatakiwa sasa kusindikiza maisha mazima.

Mkoa mmoja, mamlaka mbili

Kikwazo cha kwanza ni cha kiutawala. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Bombo ya Tanga, Maweni ya Kigoma, Sekou Toure ya Mwanza au Ligula ya Mtwara, zilihamishiwa Wizara ya Afya kufuatia agizo la Rais John Magufuli mwishoni mwa 2017.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Hospitali za mikoa zilihitaji mabingwa, vifaa na usimamizi wa karibu kutoka wizara yenye utaalamu. Lakini mpaka mpya ulipita katikati ya safari ya mgonjwa. Mganga Mkuu wa Mkoa, anayesimamia huduma za afya za mkoa mzima, anafanya kazi katika ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa. Mganga Mfawidhi wa hospitali ya rufaa anawajibika wizarani. Wanaweza kuwa marafiki na wakaelewana kwa simu, na katika mikoa mingi ndivyo kazi zinavyokwenda. Tatizo ni pale mmoja anapohamishwa, maana maelewano ya watu wawili huhama pamoja nao.

Ongeza hospitali za mashirika ya dini. Katika wilaya kadhaa, hospitali ya misheni ndiyo iliyoteuliwa kuwa hospitali ya wilaya kwa mkataba na serikali, ndiyo maana wananchi huiita "Teule". Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kupita mikononi mwa halmashauri, kanisa na wizara ndani ya wiki moja. Kila mmoja ana bajeti yake na mtu wake wa kumpelekea ripoti, na hakuna kati yao anayeulizwa mgonjwa yuko wapi sasa.

Somo lililo nyumbani

Wanaosema kuunganisha huduma ni ndoto ya nchi tajiri watazame kliniki za tiba na matunzo za VVU, zile zinazoitwa CTC. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa katika vituo vya umma mwaka 2004, kliniki hizo zilifanya mambo ambayo sehemu nyingine za hospitali hazikuwahi kuyafanya kwa upana huo. Kila mgonjwa ana namba yake. Ana kadi anayobaki nayo, na rekodi inayobaki kituoni. Akihama, anahama na barua na historia yake. Asipotokea siku ya miadi, kuna mtu wa kumpigia simu au kwenda kubisha hodi. Aliyetulia kwenye dawa hapewi za mwezi mmoja tu, hupewa za miezi kadhaa, na hapangi foleni na wanaoumwa.

Matokeo yanajieleza. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima waliokuwa wakitumia dawa hizo, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Ni dawa za kila siku, za maisha yote, zinazomezwa na watu walewale wa vijijini ambao tunaambiwa hawawezi kufuata miadi ya presha.

Mfano wa pili ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliojaribiwa Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu inapigwa 115, bure. Mtaalamu katika kituo cha uratibu cha mkoa anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Utafiti wa afya wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015–2016. Mambo mengi yamechangia, na m-mama haiwezi kudai sifa yote. Ilichothibitisha ni kwamba ngazi zote za mkoa, bila kujali nani anamiliki jengo, zinaweza kutumia namba moja na mratibu mmoja.

Mfano wa tatu hauna mvuto wa magazeti: mfumo wa Mshitiri. Bohari ya Dawa ikikosa dawa fulani, vituo vya mkoa hununua kwa msambazaji mmoja aliyeshindanishwa na kuingia mkataba. Ulianzia Dodoma mwaka 2014, ukasambaa mikoa yote. Mkoa ulijifunza kununua kama familia moja.

Fedha na dawa

Mbona basi presha na kisukari havijafuata njia hiyo? Jibu la kwanza ni fedha. Hospitali ya mkoa hutegemea kwa sehemu kubwa makusanyo yake: wanaolipa papo kwa papo na madai ya bima. Bima hulipa kwa kila huduma iliyotolewa. Mgonjwa wa presha anayerudi kila mwezi ni mapato ya uhakika, na kumrudisha kwenye zahanati ya kijijini kwake ni kuyaacha mapato hayo kwa hiari. Hakuna mganga mfawidhi atakayeyasema hayo kwenye kikao, lakini hesabu zake anazijua. Mpaka malipo yatakapoithamini kazi ya kumkabidhi mgonjwa ngazi ya chini akiwa ametulia, hotuba za kupunguza msongamano zitaendelea kupigiwa makofi na mabenchi yataendelea kujaa.

Jibu la pili ni dawa. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi: hizi za zahanati, hizi za kituo cha afya, zile za wilaya, za mkoa, za mabingwa. Ni mpangilio wenye busara kwa anayeanza matibabu, kwa kuwa tabibu wa zahanati hapaswi kuanzisha kila dawa. Lakini bingwa akishachagua dawa na kipimo, na mgonjwa akatulia, kuendelea kumpa dawa hiyo hakuhitaji bingwa. Sheria inayomlinda mgonjwa mwezi wa kwanza inamtoza nauli miaka yote inayofuata.

Jibu la tatu ni taarifa. Mjamzito ana kadi ya kliniki inayosomeka katika kituo chochote nchini. Mgonjwa wa presha mara nyingi ana daftari alilonunua dukani, lenye mhuri wa zahanati ukurasa huu na maandishi ya hospitali ukurasa ule, likilowa mvua historia imekwisha. Hospitali zimefunga mifumo ya kompyuta, ukiwamo GoTHOMiS wa serikali, lakini kompyuta inayomtambua mgonjwa ndani ya uzio wake tu haijamsaidia aliyetoka nje ya geti.

Wa kitongojini

Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ya jamii, unaolenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ni mabadiliko makubwa, kwa sababu kwa miaka mingi kila mradi ulikuwa na watu wake: wa kifua kikuu, wa lishe, wa malaria, wa VVU. Nyumba moja iliweza kubishiwa hodi na watu watatu, na bado asitokee wa kumuuliza babu kama amemeza dawa ya presha.

Wahudumu hawa ndio wangeweza kuwa wapokeaji wa mgonjwa aliyeruhusiwa. Kwa sasa tunawatumia zaidi kupeleka watu juu: tambua dalili, mpe rufaa. Kazi ya kumpokea anayeshuka inahitaji mhudumu apewe jina la mgonjwa, mpango wake wa matibabu, na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Inahitaji pia posho isiyotegemea huruma ya mfadhili. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, nchi nyingi za Afrika ziliona jinsi huduma za VVU zilizojengwa kwa ustadi zinavyoweza kutikiswa na saini moja ya Washington. Kujumuisha huduma hizo katika mfumo wa kawaida kumekuwa jambo la lazima.

Majirani zetu Kenya wamechukua njia ya sheria. Oktoba 2023 walitunga sheria nne za afya kwa mkupuo, mojawapo ya afya ya msingi, inayotambua mitandao ya huduma: hospitali moja ikiwa kitovu, vituo vidogo vikiizunguka, na wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakiunganisha kaya na vituo. Mageuzi yao ya bima yameanza kwa kelele na malalamiko mengi, na si kila kaunti inakwenda kwa kasi moja. Lakini wazo la mitandao hiyo liko wazi: hospitali ya kitovu ina wajibu kwa watu wa eneo lake, hata wale ambao hawajafika getini.

Kinachowezekana sasa

Hatuhitaji kusubiri hospitali mpya. Mkoa unaweza kuanza na utaratibu kwamba mgonjwa wa kiharusi, presha, kisukari au moyo haruhusiwi kutoka wodini kabla zahanati yake haijapigiwa simu. Wizara na TAMISEMI zinaweza kukubaliana kuwa dawa iliyoanzishwa na bingwa iendelee kutolewa karibu na nyumbani. Kituo cha uratibu kinachopokea simu za 115 kinaweza kuongezewa kazi ya kufuatilia walioruhusiwa. Na sasa kwa kuwa Bunge limeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023, wanaopanga malipo wana nafasi ya kuilipa hospitali kwa mgonjwa aliyetulia kijijini kama wanavyoilipa kwa aliyelazwa.

Kipimo cha hospitali ya mkoa kibadilike pia. Ripoti zetu huhesabu waliolazwa, waliopasuliwa na waliohudumiwa na mabingwa. Ziongezewe safu moja: walioruhusiwa mwezi uliopita, wangapi wameonwa na kituo chao cha karibu? Waheshimiwa wabunge na madiwani waiulize hospitali ya mkoa wao swali hilo kwenye kikao kijacho. Isipokuwa na jibu, basi huduma jumuishi bado haijaanza katika mkoa huo, hata kama jengo limezinduliwa kwa utepe.