Kabla dumu la kwanza halijapakiwa Gatete, upepo upimwe

GATETE, Rumonge – Alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya milima, gari dogo aina ya Probox husimama kando ya barabara na madumu ya mawese huanza kuingia. Dereva hulizunguka gari, hulipiga teke tairi la nyuma, husikiliza mlio, kisha husema liko sawa. Mwenye mali yuko upande wa pili akihesabu madumu yake. Upepo haujapimwa na mtu.

Teke halipimi kitu. Tairi lililopungukiwa upepo kwa robo linaweza kuonekana na kusikika sawasawa na lililojaa, hasa kama bado ni jipya. Tofauti hujitokeza njiani, mzigo ukishakaa juu yake.

Hesabu ya mzigo wenyewe si ngumu. Probox ya mizigo ilitengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, na ukiongeza dumu lenyewe unafika kama 19. Kwa hiyo madumu 21 yanamaliza kilo zote, kabla ya gunia la dagaa juu ya paa na abiria wa tatu aliyeomba lifti. Kila tairi nalo lina kikomo chake, kilichoandikwa ubavuni kwa namba. Namba 88, kwa mfano, ina maana ya kilo 560 kwa tairi moja, na kilo hizo ni kwa tairi lenye upepo wake kamili. Upepo ukipungua, uwezo huo nao unapungua, ingawa namba iko pale pale.

Kinachopasua tairi mara nyingi si msumari, ni joto. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto ndani ya mpira. Baada ya kilomita nyingi mpira huanza kuachana na nyuzi zake. Ndiyo maana tairi hutoka salama Gatete na kupasuka mbali, gari likiwa kwenye mwendo. Likiwa la nyuma, gari huyumba na mzigo ulio juu huvuta upande mmoja.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya safari. Kila joto la tairi linapopanda nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo huongezeka kwa takriban PSI 1. Tairi lililojazwa PSI 36 alfajiri kwenye nyuzi 22 linaweza kusoma 41 likifika nyuzi 50. Hapo ndipo madereva wengi hukosea: wanaona 41, wanaogopa, wanatoa tano. Usiku tairi likipoa hubaki na 31 au 32, na kesho yake linapakiwa tena hivyo hivyo.

Desturi hiyo ya kutoa upepo wa moto ina nafasi yake kwenye viwanja vya mashindano ya magari. Huko dereva huanza na upepo mdogo makusudi, huzunguka mara chache, hurudi kwa mafundi, hupima tairi likiwa la moto na kupunguza hadi namba anayoitaka, kwa sababu anatafuta tairi lishike lami kwenye kona. Gari lake ni jepesi, na mafundi wanamsubiri kila baada ya dakika chache. Mwenye mawese hana hata kimoja kati ya hivyo.

Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi huwa na mistari miwili: gari tupu na gari lenye mzigo. Namba ya juu kabisa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu, wala si maelekezo ya kujaza. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kilopaskali, na hapo wafanyabiashara wa mipakani hukwama, maana mmoja anasema 2.5, mwingine 36, kibandiko kinasema 250. Zote tatu ni kitu kimoja: bar 2.5, PSI 36, kilopaskali 250.

Barabara nayo inabadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi unaounganisha kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania. Lami nzuri ni neema kwa biashara, lakini huongeza mwendo, na mwendo huongeza joto. Mizani za barabarani hupima uzito wa malori. Upepo wa Probox unabaki kwa dereva na mwenye mali.

Mwenye mali ndiye anayepoteza zaidi mawese yakimwagika, kwa hiyo geji ndogo ya mfukoni ni yake kuinunua na kuitumia kabla ya kulipa nauli. Apime matairi manne, kisha la akiba, kabla halijafunikwa na madumu.