Kuisaka Kutu Bila Kulivua Bomba

Mabomba mengi katika viwanda vya kusafisha mafuta huvikwa sufu ya kuhifadhi joto, kisha bati juu yake. Mvua ikipenya kwenye maungio ya bati, maji hutuama humo. Chuma kinaliwa na kutu, bati nje linang'aa. Kulivua bomba zima ili likaguliwe ni gharama kubwa, hasa likiwa limepita juu na mafundi wanahitaji jukwaa.

Kipima unene cha kawaida cha altrasaundi ni sahihi, lakini hupima pale tu kilipogusishwa. Pembeni kidogo panaweza kuwa pametoboka, nacho kisijue.

Profesa Peter Cawley na wenzake wa Imperial College London waliamua kuufanya ukuta wa bomba wenyewe uwe njia ya sauti. Fundi huvua sehemu ndogo, akafunga mkanda wa vitetemeshi kulizunguka bomba na kutuma mawimbi pande zote mbili. Masafa ni ya chini, makumi ya kilohezi, ilhali kipima unene hutumia megahezi kadhaa. Ukuta ukiwa umeliwa mahali, sehemu ya mawimbi hurudi. Mawimbi ya msokoto husafiri ndani ya chuma kama mita 3,200 kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi unaorudi baada ya sekunde 0.01 umetoka umbali wa mita 16.

Kwa nini msokoto? Bomba hutikiswa kama nguo inayokamuliwa, huku na huku. Maji au petroli iliyomo haishikwi na msokoto huo, inateleza tu, hivyo hainyang'anyi mawimbi nguvu. Bomba hukaguliwa likiwa limejaa, kazi ikiendelea.

Ninachokipenda zaidi ni namna wanavyotofautisha kutu na mshono wa kuchomelea, maana mshono nao hurudisha mwangwi. Mshono umelizunguka bomba sawasawa, basi kilichokwenda kama msokoto hurudi msokoto. Kutu aghalabu hula upande mmoja, na hapo sehemu ya mwangwi hugeuka kuwa mtetemo wa kupinda. Vitetemeshi vimepangwa duara, hivyo kompyuta huitenganisha mitetemo hiyo miwili na kuichora kwa rangi mbili. Rangi ya kupinda ikiinuka karibu kuifikia ya msokoto, hapo pana jambo.

Kwenye bomba safi lililonyooka, mkanda mmoja hukagua makumi ya mita. Lami nzito au zege hufyonza mawimbi na kuufupisha umbali huo. Kona nazo huvuruga mwangwi. Isitoshe, mwangwi hueleza chuma kimepungua kiasi gani kwenye mzingo mzima, wala hautaji milimita zilizobaki pale palipoliwa zaidi. Ukiletewa ripoti ya mkanda peke yake inayodai kujua unene uliobaki, usiitie saini. Agiza bati livuliwe mahali palipotajwa, kipima unene kiguse chuma.