Poda ifuate ngozi yako, si ngozi ifuate poda

UMEWAHI kujipaka poda chumbani ukajiona umependeza, kisha ulipofika mjini ukajitazama kwenye kioo cha matatu ukakuta uso una rangi ya jivu na shingo ina rangi yake? Kama jambo hilo limekupata, usijilaumu. Wenzako ni wengi, na ngozi yako haina kasoro yoyote. Kasoro iko kwenye kopo.

Kwa miaka mingi makampuni ya vipodozi yalitengeneza rangi chungu nzima kwa ajili ya ngozi nyeupe, halafu yakamwachia mwanamke mweusi kopo moja au mawili ya rangi ya kahawia. Aliye maji ya kunde na aliye mweusi tititi walitakiwa kutumia kopo hilo hilo.

Matokeo ya hali hiyo ni mawili. La kwanza ni hilo la uso na shingo kuonekana kama vya watu wawili tofauti. La pili ndilo la kuogofya zaidi. Wapo akina dada ambao, baada ya kukosa poda inayolingana na ngozi yao, huamua kuibadilisha ngozi ilingane na poda. Hapo urembo hugeuka kuwa ugonjwa.

Makala haya yanakusudia kukuonyesha kwamba leo huna haja ya kufika huko. Vipodozi vinavyoifaa ngozi nyeusi vipo, na kuvitumia si kazi ngumu ikiwa utajua unachotafuta.

Kwa nini uso huwa kijivu

Poda na faundesheni, yaani ile krimu yenye rangi ya ngozi inayopakwa kabla ya poda, hutengenezwa kwa kuchanganya unga mweupe wa madini na rangi. Unga huo mweupe, ambao mara nyingi ni titani dioksidi, ndio unaofunika madoa. Rangi nyekundu, manjano na nyeusi hutokana na oksidi za chuma, yaani jamii ya kutu.

Mtengenezaji asiyejali huchukua mchanganyiko uliokusudiwa ngozi nyeupe na kuuongeza rangi nyeusi kidogo. Chupani huonekana sawa. Lakini ukishaupaka, ule weupe hujitokeza juu ya ngozi yako na kukuacha kama mtu aliyetoka kusaga mahindi. Kipodozi kizuri cha ngozi nyeusi hupungukiwa na weupe na kuzidishiwa rangi nyekundu na manjano.

Kuna jambo jingine la kiafya unalopaswa kulifahamu. Watu wote, weusi kwa weupe, wana idadi inayokaribiana ya chembechembe zinazotengeneza melanini, rangi asilia ya ngozi. Tofauti ni kwamba kwa mtu mweusi chembechembe hizo hutengeneza rangi nyingi zaidi. Rangi hiyo humkinga dhidi ya jua kuliko mtu mweupe, lakini ngozi yake hukasirika upesi. Chunusi, mkwaruzo au kuungua kidogo huacha doa jeusi.

Kwa hivyo, kipodozi kinachoziba vinyweleo hukutia hasara mara mbili. Chunusi yenyewe huenda ikapona kwa siku chache, lakini doa lake likadumu kwa miezi.

Mambo yamebadilika

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Nchini Marekani, Eunice Johnson aliwaona wanamitindo weusi wa maonyesho yake ya mavazi wakichanganya rangi wenyewe ili wapate inayowafaa. Mwaka wa 1973 yeye na mumewe walianzisha vipodozi vya Fashion Fair mjini Chicago.

Mwanamitindo Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipogunduliwa na mpiga picha Peter Beard mwaka wa 1975, naye alilazimika kujichanganyia rangi kabla ya kupigwa picha. Mwaka wa 1994 alianza kuuza vipodozi vyake mwenyewe vilivyowalenga wanawake wasio weupe.

Mwaka wa 2017 mwimbaji Rihanna alizindua Fenty Beauty kwa faundesheni za rangi 40, na vipodozi hivyo vikaanza kuuzwa rasmi humu nchini mwaka wa 2022. Hapa kwetu, mrembaji Suzie Wokabi alikuwa tayari ameanzisha SuzieBeauty kwa ajili ya ngozi ya Mwafrika, biashara ambayo ilinunuliwa na kampuni ya Flame Tree mwaka wa 2016.

Maana ya haya yote kwako ni hii: muuzaji akikuambia kwamba hana rangi yako ila unaweza kujaribu ile iliyo nyeupe kidogo, mshukuru na uende duka la pili.

Jinsi ya kuijua rangi yako

Usijaribu faundesheni kwenye mgongo wa mkono. Mkono hupigwa na jua na kusuguliwa na sabuni kila siku, na rangi yake si ya uso. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka kwenye taya hadi shingoni. Mstari unaopotea usionekane ndio wako.

Usiamue ukiwa chini ya taa za dukani. Taa hizo hudanganya. Toka nje hadi mlangoni, ujitazame katika mwanga wa jua. Halafu usubiri dakika 10 hadi 15, kwa maana faundesheni nyingi hubadilika rangi zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi.

Watu wawili wanaweza kuwa weusi kwa kiasi kimoja, lakini ngozi ya mmoja ikawa na umanjano ndani yake, ya mwingine uwekundu, na ya wa tatu weusi wa bluu. Ukipaka rangi ukaona uso umekuwa kijivu, tafuta yenye manjano au wekundu zaidi. Ukiona umekuwa kama chungwa, umepita kiasi, rudi nyuma.

Wengi wetu tuna uso wa rangi mbili. Paji la uso na pembeni mwa mdomo ni peusi zaidi, mashavu ni meupe kidogo. Hilo ni jambo la kawaida. Chagua rangi inayolingana na shingo na kifua, usiende kwenye ile ya sehemu nyeupe zaidi ya uso.

Vitu vitano vinatosha

Huhitaji sanduku zima la vipodozi. Mwanamke anayewahi kazini asubuhi anaweza kumaliza yote kwa dakika tano akiwa na vitu hivi:

Losheni ya kukinga jua: Chagua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi. Jua huzidisha weusi wa madoa hata kwa mtu mweusi. Kama inakuacha na weupe usoni, tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia. Oksidi za chuma zilizomo husaidia pia kuzuia mwanga unaokoza madoa.

Faundesheni ya kijiti: Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Gusisha penye doa pekee, kisha usambaze kwa vidole safi. Si lazima uso mzima upakwe. Kama una madoa meusi sana, tanguliza rangi ya chungwa iliyokolea, kiasi kidogo mno, juu ya doa lenyewe. Rangi ya chungwa huua ule ubluu wa doa, na faundesheni ikija juu yake haiwi kijivu.

Poda yenye rangi: Poda nyeupe, hata ikiitwa isiyo na rangi, inaweza kukuacha na vumbi usoni, hasa ukipigwa picha kwa flashi. Nunua iliyo na rangi yako au yenye umanjano kidogo, uipake kwenye paji, pua na kidevu ambako jasho na mafuta hutokea.

Wanja na kalamu ya nyusi: Nyusi zijazwe kwa kahawia iliyokolea au nyeusi, kwa mistari mifupi, bila kuchora upinde mmoja mzito.

Rangi ya midomo: Damu ya mzee, zambarau, kahawia na nyekundu iliyokolea hupendeza juu ya ngozi nyeusi. Waridi hafifu huonekana kama chokaa. Kama midomo yako ni myeusi, izungushie kwanza mstari wa kahawia. Rangi hiyo hiyo ya midomo, ikiguswa kidogo mashavuni na kusambazwa kwa kidole, hukutosheleza kwa rangi ya mashavu. Lakini kama mashavu yako yana chunusi, acha, kwa kuwa mafuta yake yanaweza kuzizidisha.

Usichokoze maradhi

Sasa tuje kwa lile la kuogofya. Madaktari mjini Nairobi waliwachunguza watu wazima 60 waliokuwa na maradhi ya figo yanayosababisha protini kuvuja kwenye mkojo na mwili kuvimba. Katika ripoti waliyoichapisha mwaka wa 1972, waligundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zilizotiwa zebaki. Baadhi walipata nafuu walipoziacha.

Zebaki hupenya ngozi na kuingia mwilini. Mbali na figo, hudhuru mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Hata watoto wanaolala kitanda kimoja na anayejipaka wanaweza kudhurika.

Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari, inaweza kugeuza ngozi ikawa na mabaka ya weusi wa bluu ambayo ni vigumu mno kutibu. Hali hiyo ilielezwa na madaktari nchini Afrika Kusini mwaka wa 1975. Fikiria basi: mtu alitaka weupe, akapata weusi usiotoka. Krimu za steroidi hudhoofisha ngozi mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, mishipa ikaonekana na kidonda kikakawia kupona.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilitoa ilani mwaka wa 1998 kuwatahadharisha Wakenya kuhusu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Hata hivyo, krimu za aina hiyo zingali zinapenya sokoni, nyingine zikiwa kwenye makopo yasiyo na maandishi yoyote.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, soma. Ukiona maneno 'mercury', 'mercurio' au 'calomel', rudisha. Ukiambiwa usiiguse krimu ukiwa umevaa pete au bangili za dhahabu au fedha, rudisha pia. Hiyo ni dalili ya zebaki. Tafuta alama ya KEBS, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa ya kampuni mashuhuri inayouzwa kando ya barabara kwa sehemu ndogo ya bei yake ya dukani huenda ikawa bandia. Rahisi ni ghali.

Kama tayari umekuwa ukitumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu, usiikatize ghafla kwa kusoma makala haya. Muone daktari wa ngozi akuongoze namna ya kuiacha, kwa sababu ngozi inaweza kuchachamaa.

Usafi ni nusu ya urembo

Kipodozi kipya kijaribu kwanza ndani ya kiwiko cha mkono kwa siku chache. Kikiwasha au kuleta upele, kisifike usoni.

Usiazime wanja wala maskara, hata kwa dada yako wa tumbo moja. Maradhi ya macho hupitia hapo. Maskara itupe baada ya miezi mitatu. Kwenye vipodozi vingine utaona mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa na nambari kama 12M. Maana yake ni kwamba utakitumia kwa miezi 12 tangu siku ulipokifungua. Wanja wa unga usio na maelezo usiupake, wala usimpake mtoto mchanga, kwa sababu baadhi ya wanja za asili huwa na madini ya risasi.

Sifongo ya poda ioshwe kwa sabuni kila wiki na ikaushwe juani. Rangi ya midomo iliyowekwa dukani ya kujaribia usiipeleke mdomoni. Ijaribu kwenye mkono. Na usiku, hata ukiwa umechoka vipi, usilale na vipodozi usoni. Mafuta ya nywele pia yasiteremke hadi kwenye paji, kwani huleta chunusi.

Madoa yasiyoondoka, upele unaorudi na mabaka yanayosambaa hayatibiwi kwa kufunikwa na faundesheni nzito. Peleka uso wako kwa daktari kabla ya kuupeleka kwa muuza vipodozi.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Si lazima uache kujipamba ili uitunze asili yako. Jipambe, lakini kwa kipimo hiki: ukikutana na rafiki yako barabarani mchana, akakuambia umenawiri leo bila ya kuweza kusema umejipaka nini, jua umeipata rangi yako.