Simu nane mezani, laini tatu tu: Mipaka ya swichibodi ndogo

Na Mwandishi Wetu, Arusha

OFISI ndogo iliyoko Ngaramtoni, kando ya barabara kuu ya Arusha–Namanga, inaweza kuwa na simu nane mezani na bado mteja akaambulia mlio wa laini kutumika. Idadi ya simu zilizomo ofisini si idadi ya wateja wanaoweza kuhudumiwa kwa wakati mmoja.

Mtambo wa simu za ofisini, ambao wengi huuita swichibodi, hupokea laini za nje kutoka kampuni ya simu na kuzigawa kwa simu za ndani. Panasonic KX-TES824, mmoja wa mitambo ya ngazi ya chini, huanza na laini 3 za nje na simu 8 za ndani. Ukiongezewa kadi hufikia laini 8 na simu 24, na hapo ndipo mwisho wake.

Kwa hiyo meneja, mhasibu na mhudumu wa mapokezi wakizungumza na watu wa nje, laini zote tatu zimekwisha. Mteja wa nne, anayetaka kuuliza bei ya mbegu au nafasi ya chumba, hupiga kwingine. Aidha, simu inayoingia ikihamishiwa simu ya mkononi ya bosi aliye safarini, mazungumzo hayo pekee hutumia laini mbili.

Laini zenye namba tofauti nazo hazisaidiani zenyewe. Mteja aliyezoea namba moja huikuta inatumika hata kama nyingine ziko wazi, isipokuwa kampuni ya simu izipange ili simu iruke kwenda kwenye laini iliyo wazi.

Umeme ukikatika na hakuna betri ya akiba, mitambo ya aina hii huunganisha laini chache moja kwa moja na simu za kawaida zilizotengwa, nyingine hunyamaza. Mitambo ya intaneti haifungwi na idadi ya nyaya, lakini nayo hutegemea umeme na mtandao usioyumba.

Mwaka 2022 Panasonic ilitangaza kujiondoa katika biashara ya mitambo hiyo, hivyo mnunuzi wa mtambo uliotumika hana budi kuulizia kwanza upatikanaji wa kadi na vipuri.

Kabla ya kulipa, mwenye biashara ahesabu kwa wiki moja simu zinazogongana katika saa yenye shughuli nyingi. Hesabu hiyo, wala si wingi wa meza, ndiyo itakayomwonyesha idadi ya laini anazohitaji.