Homa Kwenye Meza ya Amani

Georges Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa aliyeongoza Mkutano wa Amani wa Paris mwaka 1919, alikuwa daktari. Wengi humkumbuka kwa ukali wake dhidi ya Ujerumani, lakini mwaka 1865 aliandika tasnifu ya udaktari iliyotetea dhana kwamba chembe hai zinaweza kuzuka zenyewe bila kutokana na chembe nyingine. Louis Pasteur alikuwa ameshaanza kuibomoa dhana hiyo kwa majaribio yake. Mwalimu wa Clemenceau, Charles Robin, hakushawishika, na mwanafunzi akashika njia ya mwalimu wake.

Tusimcheke. Miaka ile madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya inayofuka kutoka kwenye madimbwi na uozo. Wengine bado waliwatoa wagonjwa damu, wakifuata fundisho la kale la Hippocrates na Galen kwamba maradhi ni kuvurugika kwa majimaji manne ya mwili.

Imani za namna hiyo zina gharama zinapofika kwenye meza ya mataifa. Mwaka 1851 nchi 12 zilikutana Paris kutafuta kanuni moja za karantini, kila nchi ikileta daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Walibishana kwa miezi. Waingereza, ambao meli zao za biashara zilipata hasara kila zilipozuiliwa bandarini, walishikilia kwamba kipindupindu ni suala la uchafu na hewa. Nchi za Mediterania, zilizokuwa za kwanza kufikiwa na ugonjwa kutoka mashariki, zilitaka karantini ibaki. Kila upande ulikuwa na daktari wake wa kuunga mkono mfuko wake. Mkataba uliofanya kazi kweli ulipatikana Venice mwaka 1892, baada ya Robert Koch kumtambua mdudu wa kipindupindu kwa kazi aliyoifanya Misri na India mwaka 1883 na 1884. Wanasiasa hawakuwa wamegeuka kuwa wema. Sasa palikuwa na kitu kimoja ambacho wote wangeweza kukielekezea kidole.

Mwaka 1919, kwa mafua, kitu cha namna hiyo hakikuwepo. Mkutano wa Amani ulifunguliwa tarehe 18 Januari, na homa kali ya mafua iliyoanza mwaka uliotangulia ilikuwa bado inaua. Mark Sykes, Mwingereza aliyeshiriki mwaka 1916 kuzigawa kwa siri nchi za Kiarabu za Dola ya Uthmaniya, alifia hotelini Paris mwezi Februari, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 3 Aprili usiku Rais Woodrow Wilson wa Marekani alishikwa na homa na kikohozi kwa ghafla na ukali kiasi kwamba daktari wake, Cary Grayson, kwanza alidhani amelishwa sumu. Waandishi wa habari waliambiwa ni mafua ya kawaida. Mshauri wake, Edward House, alikaa katika kiti cha rais, na Wilson alifuatilia mambo kutoka kitandani.

Grayson angeweza kumfanyia nini? Vitabu vya wakati huo vilimlaumu bakteria ambaye Richard Pfeiffer alimtangaza mwaka 1892, na chanjo zilizotengenezwa kwa msingi huo hazikuweza kuzuia homa yenyewe. Madaktari waligawa aspirini, tena kwa vipimo vikubwa, na kwinini. Virusi vya mafua ya binadamu vilipatikana London mwaka 1933, Wilson akiwa amekufa miaka 9 kabla.

Alipoinuka kitandani, Wilson alikubali mambo aliyokuwa akiyakataa: bonde la Saar la Ujerumani litawaliwe kwa miaka 15 na Shirikisho la Mataifa, chombo kipya kilichokuwa kikiundwa mkutanoni, huku Ufaransa ikichimba makaa yake, na majeshi ya washindi yakae Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, kwa muda usiozidi huohuo. Msimamizi wa nyumba yake, Irwin Hoover, alisimulia baadaye kwamba rais hakuwa yuleyule. Wapo wanahistoria wanaoitwika homa hiyo lawama ya Mkataba wa Versailles, wengine wakishuku kiharusi kidogo. Mimi naona ni mzigo mkubwa mno kwa kirusi kimoja. Wilson alihitaji kura za Ufaransa ili abadilishe katiba ya Shirikisho iwaridhishe maseneta wa kwao, na kwa mwanasiasa hiyo ni sababu tosha ya kulegea.

Mwezi uliofuata, tarehe 7 Mei, viongozi haohao waliikabidhi Uingereza sehemu kubwa ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Ruanda na Urundi ziliangukia kwa Ubelgiji baada ya mazungumzo ya pembeni. Homa ileile ilikuwa imeshapita huku, ikiwakuta watu waliochoshwa na njaa na upagazi wa vita. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa kuhusu mgawo huo.

Kuhusu maradhi, katiba ya Shirikisho iliweka kifungu kidogo ndani ya ibara ya 23: nchi wanachama zijitahidi kuyazuia na kuyadhibiti. Basi. Kwa mafua, hata kama wangeandika kurasa kumi, wangeagiza nini?

Kwa homa ya chawa mambo yalikuwa tofauti. Ugonjwa huo uliteketeza Poland na Urusi baada ya vita, lakini Charles Nicolle alikuwa ameonyesha huko Tunis mwaka 1909 kwamba chawa ndiye mwenezaji. Dawa ya kuuponya haikuwepo, ila kazi ilijulikana: ogesha watu, fukiza nguo kwa mvuke, weka vituo mipakani. Shirikisho liliunda tume ya magonjwa ya mlipuko mwaka 1920, na idara yake ya afya ikaongozwa na Ludwik Rajchman, mtaalamu wa bakteria kutoka Poland. Machi 1922 ulifanyika mkutano wa afya Warsaw. Ujerumani na Urusi ya Wabolsheviki, ambazo hazikuwa wanachama wa Shirikisho, zilituma wajumbe, wakaketi na majirani waliokuwa wakipigana nao miaka michache tu nyuma, wakajadili mabafu na vituo vya karantini.